Wafu Wasioijua Friji

Mwaka ule tulikula yanga. Mtu yeyote aliyekuwa Nairobi na akili zake, nikimwambia hivyo, haniulizi tena tarehe. Ni miaka ile ya tisini mvua ilipogoma, mahindi meupe yakapotea madukani, tukaletewa kwa meli unga wa manjano tulioupa jina yanga, wenye harufu ya gunia lililosahauliwa uvunguni. Ukiusonga ugali unakuwa kama udongo wa kufinyanga vyungu, ukiuacha upoe unapasuka nyufa. Watu wa mtaa wetu wa Dandora walisema huko unakotoka ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hula kwa kubembelezwa. Tuliula. Tuliula na sukuma, tukaula na mchuzi wa matumbo, na siku mbaya tukaula na chumvi. Mama yangu alikuwa mtu wa muthokoi, yale mahindi meupe yaliyokobolewa, yanayochemshwa na maharagwe mpaka yanapasuka. Kabla ya kumega yanga alikuwa akiitazama kwanza, kimya, kama mtu aliyeingia ndani akakuta mgeni amekalia kitanda chake.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu Bi Rukia amekufa. Mwenzangu wa siku hizo, Ndinda, ndiye aliyenipigia simu, akasema mwalimu wetu ametuacha, mazishi yamepita, njoo basi matangani. Nikajifunga leso, nikafuatana na mjukuu wangu Mwende, tukaenda Majengo. Ndinda nilikuwa sijamwona miaka mingi. Amenenepa, ana jino la dhahabu, magoti yake yanalia kama yangu. Tukakaa jamvini, watu wakisoma Kurani chumba cha pili, na yeye akanisogelea sikioni kama msichana mtundu. "Bado unayo?" Nikamwambia nijaribu. "Ufagio." Miknasa. "Mayai." Beid. "Kisu." Hapo nilivuta pumzi kwanza. Sikkin. Mwende alitutazama mdomo wazi. Yeye anasoma Kijerumani aende akauguze wazee huko Ujerumani, analala na simu kifuani ikimtajia maneno, na asubuhi hana hata moja. "Shosho, hiyo ni lugha gani? Mimi hizi zangu za jana zimenitoka zote na niko na mtihani. Wewe unashikaje ya zamani hivyo? Si unifunze!" Ndinda alicheka, mkono mdomoni. "Mfunze basi, si anataka?" Niliposema miknasa, kule uani nyuma ya sufuria ya pilau alikuwa amesimama nyanya yangu Kalekye, aliyekufa kabla sijaota matiti, na ufagio unamtoka sikioni, akingoja nipite niende kwa anayefuata. Mambo ya namna hiyo huwezi kumweleza mtoto matangani. Ndiyo sababu naandika.

Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa ya udongo na mabati, ya kizamani, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na mwisho wake ua wenye kamba za nguo. Chumba chake kilikuwa cha pili mkono wa kushoto. Kulikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kwa kibao, sanduku la bati lenye maua, na pazia zito lililofungwa mchana kutwa, kwa hiyo ulitoka kwenye jua la adhuhuri ukaingia katika giza la kijani, ukanusa udi na mbaazi zinazochemka. Alikuwa amewapikia Waarabu huko kwao miaka mingi. Kulikuwa na wakala mmoja Eastleigh, mwanamke, aliyetafuta wanawake wa kazi za nyumbani, na sharti lake lilikuwa moja. Ukijua majina ya vitu vyote vya jikoni na vya nyumba unakwenda, ukikwama unarudi ulikotoka. Bi Rukia alitufundisha mimi na Ndinda, nasi tukamfulia na kumchotea maji. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Nilipotoa kijipande cha penseli siku ya kwanza, alikichukua akakitia katika kibweta chake cha uzi. "Kalamu ni ya mwenye meza," alisema. "Wewe utaulizwa umesimama, mikono ina povu. Utaandika wapi?"

Kisha akatuambia njia yake. Kila neno litafutie mtu wa kulishika. Ndinda akauliza, mtu gani, hata wewe? "Mimi ni mzima, bibi wee. Mtu aliyekufa." Ndinda akasema Yesu wangu. Bi Rukia hakucheka. Alisema aliye hai hakai. Leo umemweka bombani, kesho unamkuta sokoni na kanzu nyingine, amekukasirikia, amenenepa, na neno limeanguka njiani. Mfu hahami. Sura yake ni ile ile, nguo yake ni ile ile, ukimweka mahali utamkuta hapo. "Halafu lile neno usimpe kama zawadi. Mfanye nalo jambo la kukustua. Akili ni kama mtoto mdogo, cha upole hukisahau, cha kumtisha anakulilia nacho mwaka mzima. Na uwapitie. Mwanzo kila siku, wakishazoea, siku moja moja. Ukiwatelekeza wataliweka neno chini waende zao." Akanigeukia. "Mwikali, wako wa kwanza nani?" Nikasema baba. "Mweke bombani penu. Mpe kisu akimeze, mpini ubaki nje. Sasa mwambie aseme." Nilifumba macho. Baba yangu alisimama kwenye bomba la Dandora na shati lake la kaki, kichwa nyuma, mpini wa mti unatokeza katikati ya meno, akasema bila kufunga mdomo: sikkin.

Sikulisahau. Nani angelisahau? Juma lile lile nilikuwa na watu njia nzima kutoka plotini kwetu mpaka kituoni. Baba bombani na kisu. Nyanya Kalekye langoni, ufagio unamea kutoka sikioni. Shangazi Kavata, aliyekufa na uzazi, amelala juu ya kibanda cha mama mboga, mayai mawili mahali pa macho. Mzee Kilonzo, jirani yetu wa kule nyumbani, kwenye daraja la mtaro, ufunguo umechomekwa kitovuni nao unazunguka wenyewe. Miftah. Mto wa kulalia, vitunguu, maziwa, sahani, kila kitu na mwenye nacho. Nilipita asubuhi na ndoo kichwani nikiwaamkia kimoyomoyo, na kila mmoja akinitajia lake. Nilikuwa hodari na sioni haya kusema hivyo. Ndinda alikuwa na shule kunizidi lakini nilimpita. Yeye alilalamika: "Wangu ni wavivu, Bi Rukia, wako vile walivyokuwa wazima. Mjomba nimempa pasi, amelala nayo." Tulicheka mpaka Bi Rukia akatupiga na kipepeo cha jiko.

Watu hufikiri mambo ya kutisha huja usiku. Haya yangu yalikuja mchana, jua la utosi, wakati Dandora hakuna hata kivuli cha kuku. Moshi wa jaa la taka umelala juu ya mabati, wale korongo wakubwa wa jaani wamesimama kama wazee waliovaa makoti, na wewe una ndoo tupu mkononi. Mwanzo niliwaweka mimi. Nilifika bombani, nikafumba macho, nikamsimamisha baba. Baadaye nikawa nafika namkuta. Sikuwa nimemfikiria, nilikuwa nafikiria sabuni, naye alikuwa pale katikati ya wanawake waliopanga foleni na mitungi, amerudisha kichwa nyuma. Wanawake walikuwa wakisogea bila kujua, wanaacha nafasi ya mtu mmoja. Nilimwuliza Bi Rukia. Akafurahi, akanishika shavu. "Limeshika, mwanangu. Limeshika sasa."

Alichokuwa hajaniambia nilikigundua juu ya sahani. Tulikuwa tunakula, mimi na mama, na binti yangu Mutheu mapajani mwangu, mdogo wa kutamka maneno mawili matatu. Mama akaanza kunikumbusha siku ambayo mbuzi alikula kofia ya baba, baba akacheka mpaka akaketi chini njiani. "Unakumbuka alivyokuwa akicheka? Kile kicheko cha pua?" Nikasema ndiyo. Nikakitafuta kicheko, nikapata mpini. Nikautafuta uso wake wa siku ya sikukuu, wa siku ya ugonjwa, wa kunikemea, na kila nilikopekua alikuwa ni yule yule wa bombani, kichwa nyuma, meno juu ya mti. Sauti yake nayo ilikuwa na neno moja tu. Mama alikuwa bado anacheka na mbuzi wake. Mimi nilikaa na tonge mkononi, nikahisi kama mtu aliyefungua sanduku la nguo akakuta zote zimekatwa vitambaa vya kufutia meza.

Nikamwambia mama yote. Kwetu Ukambani mfu hatajwi bure. Ukimtaja wakati wa chakula unamdondoshea kidogo chini, ale, aridhike, aende. Mama aliacha kutafuna. "Unawafanyisha kazi? Kila siku? Na unawapa nini?" Nikasema sijawapa kitu. "Mwikali, hata punda hulishwa." Tangu siku hiyo, katika njaa ile, nilikuwa nikimega kwenye sahani yangu na kuwadondoshea nje ya mlango, kila mmoja chake. Yanga ilikaa pale. Dandora kuna sisimizi wanaokula sabuni, wanakula kamba ya viatu. Walifika kwenye yale matonge, wakayazunguka, wakaenda zao. Asubuhi yako pale, magumu kama kokoto. Mama aliyatazama akakunja uso. "Hawaitaki kwa sababu hawaijui. Hao walikufa wakila mahindi meupe. Kilichokuja baada yao si chao."

Mchana mmoja Mutheu alikuwa amekaa kizingitini na kikombe chake cha bati, mimi ninafua. Alitazama upande wa bomba, akakaza macho kama watoto wanavyomkazia mtu mgeni. Kisha akasema wazi kabisa, "Sikkin." Akajikokota kwa makalio mpaka ukutani, akaacha nafasi mlangoni, macho yakipanda juu taratibu, yakifuata kitu kinachoingia. Nilimnyakua na povu mikononi. Mama alitoka, akasema mtoto husema anachosikia, na mimi nabwabwaja Kiarabu changu kutwa, basi atasema nini, Baba Yetu? Alikuwa na haki. Lakini baadaye nilimwona akipanga mawe madogo kwenye kile kizingiti, kama anayemzibia mtu njia.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha. Nywele za Mutheu zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Mama yeyote wa mwaka ule anajua maana yake. Zinakuwa nyekundu, zinakuwa nyepesi kama manyoya ya kifaranga, kisha miguu inavimba. Nilikuwa nimewaona watoto wawili wa plot yetu wakianza hivyo, na sitaki kusema walivyomaliza. Kule kwa Waarabu kulikuwa na kazi na kulikuwa na chakula cha kutuma nyumbani. Kila neno nililolishika niliona ni kijiko kinaingia kinywani mwa mwanangu. Kwa hiyo nilirudi kwenye lile giza la kijani, nikakaa mkekani, nikasema, Bi Rukia, tuendelee.

Pale nyumbani kwake alikuwapo mwanamume, mtu mzima wa makamo, mpole, aliyekuwa akimletea mafuta ya taa na kumtengenezea mlango. Bi Rukia alimwita Furni. "Furni, weka hapo." "Furni, umekula?" Nilidhani ni jina la utani, Majengo kila mtu ana lake. Siku tuliyofika kwenye vitu vya kupikia, Bi Rukia akasema joko la kuokea mikate, lile la moto, linaitwa furn. Ndinda alinitazama. Mimi niliangalia chini. Tulipotoka nilimkuta yule mwanamume uani anaanua nguo za Bi Rukia, anazikunja vizuri kama mwanamke. Nikamwamkia, nikamwuliza, kaka, jina lako hasa ni nani? Akasema Athumani. "Huyu ni mama yangu mzazi. Aliponiacha kwa bibi kwenda Uarabuni nilikuwa nanyonya bado. Wafu wake walimwishia huko, maneno yalikuwa hayajaisha." Alikunja kanga nyingine. "Aliporudi nilikwenda kumpokea. Akanitazama. Najua alinijua, alilia. Akafungua mdomo kuniita, na likatoka lile. Amejaribu, dada. Wakati mwingine namsikia chumbani anajaribu." Nikamwuliza, nawe unaitika? "Ni mama yangu. Niitike nini?"

Basi ndiyo tukaja kwenye friji. Maneno mengine yote nilikuwa nayo. Hili, Mwende ndiye amenitafutia sasa hivi kwenye simu na kuniandikia, thallaja, kwa maana nikiligeuzia kisogo tu linanitoka. Nilimpa baba. Alisimama na kisu chake, hakujua aishike wapi. Nilimpa nyanya Kalekye, akatazama pembeni kama alivyokuwa akifanya akiulizwa na wazungu wa kanisa. Nilimpa Mzee Kilonzo, Shangazi Kavata, niliwapitisha wote, na kila nikirudi neno liko chini, na mfu wangu yuko kando yake kama mtu asiyehusika. Ndinda hakupata taabu. "Mjomba wangu alilala mochari ya mjini wiki nzima tukitafuta gari la kumsafirisha. Friji anaijua kuliko mwenye duka!" Nikamwomba anikopeshe mjomba. Tukamweka pamoja, nikaelezwa sura yake na kovu la paji, nikamsimamisha kituoni. Nilipopita kesho yake hakuwapo. Mfu wa kukopa hakai. Nikajaribu kulikariri kama kasuku, kutoka Dandora mpaka Majengo kwa miguu, thallaja, thallaja, nikifika mlangoni kwa Bi Rukia midomo inacheza na hakuna sauti. Akili yangu ilikuwa imeshazoea kukabidhiwa mtu. Neno lisilo na mtu haikulifungulia tena.

Bi Rukia alinimiminia chai ya tangawizi, akaniwekea kaimati mbili, akanisikiliza mpaka mwisho. "Wako wamekufa kabla ya umeme," alisema. "Nani wa damu yako amewahi kuiona friji?" Nikafikiri. Nikasema, ni Mutheu tu. Tulipita naye Eastleigh, mwenye duka mmoja alikuwa anatoa soda, mtoto akaingiza uso kwenye ile baridi akacheka kwa sauti. Bi Rukia akaweka kikombe chini. "Basi ndiye. Mtie ndani. Mkunje miguu, magoti kidevuni, funga mlango. Mwambie aseme akiwa humo. Hutalisahau mpaka kaburini kwako." Nikasema, Bi Rukia, huyo yu hai. "Utamwacha. Ukishavuka ni mamoja. Mtoto uliyemwacha hakui kichwani, mwanangu. Anakaa na leso ile ile, na meno yale yale. Nakwambia ninachokijua." Hakusema kwa ubaya. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, wa moto, na macho yake yamejaa machozi. Mimi nilijiona nimeanza. Nakiri niliona ule mlango mweupe, nikaona vidole vya miguu. Nikairudisha kaimati sahanini. Nikasimama, nikasema, "Mtoto wangu yu hai. Hilo neno na likatafute mfu wake."

Siku ya kuulizwa na wakala, mama alikuwa ameondoka alfajiri kupanga foleni ya unga, kwa hiyo nilimfunga Mutheu mgongoni na kwenda naye. Wakala hakutupokea ofisini. Alitupeleka nyuma ya duka moja la vyombo vya nyumbani hapo Eastleigh, duka lenye makatoni mpaka darini, hewa nzima inanuka plastiki mpya. Alikuwa mwanamke mrefu, buibui safi, mkononi ana rula ya mbao. Anagusa kitu, unasema. Alianza na Ndinda. Ndinda alitiririka, pasi, sufuria, mashine ya kufulia, na alipofika kwenye friji alifumba jicho moja kama anayempungia mjomba. Wakala akasema vizuri, kaa pale. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye katoni nyuma yangu, tasbihi mkononi. Nikaitwa.

Rula iligusa kisu, nikasema sikkin, na baba alikuwa amesimama kati ya makatoni. Sikumwita. Iligusa ufagio, na nyanya Kalekye yuko pale karibu na ndoo. Walikuwa wamekuja wote, wameacha vituo vyao vya Dandora, wamejipanga mle dukani kwa utaratibu ule ule niliowapanga, kila mmoja na kilema chake nilichomtia mimi, kila mmoja akitaja lake kabla sijafungua mdomo. Wakala alianza kutabasamu. "Huyu wako ni mkali, Bi Rukia," alisema. "Huyu namweka nyumba kubwa." Mutheu alikuwa amelala, pumzi yake inanichoma shingoni, na zile nywele nyekundu zinanitekenya sikio. Nilihisi kijiko, nilihisi maziwa, niliona mama anamega ugali mweupe. Kisha rula ikagonga friji.

Ilikuwa refu kunipita, nyeupe, imechomekwa ukutani inanguruma. Mbele yake hapakuwa na mtu. Wote walisimama mbali nayo. "Hii?" Wakala alidhani sijaiona vizuri, akaufungua mlango. Taa ikawaka ndani. Rafu zote zilikuwa zimetolewa. Ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini, na ile baridi ikatoka polepole ikatushika miguu. Mutheu akaamka. Nilihisi kichwa chake kinainuka, mkono wake ukapita juu ya bega langu ukainyooshea ile taa, akacheka. Na hapo wafu wangu, ambao tangu nianze kuwapitia hawakuwahi kumtazama mtu yeyote, waligeuza nyuso zao wakatazama mgongoni kwangu. Baba na mpini wake. Kavata na mayai yake. Hawakuwa na hasira. Walikuwa na ile sura ya watu walio kwenye foleni ndefu wakimwona wa mwisho anafika.

"Mama, imebaki hii moja tu," wakala alisema. "Sema, jina lako nimeshaliandika."

"Mweke, mwanangu," Bi Rukia alininong'oneza kutoka nyuma. "Mara moja tu. Utamtoa baadaye."

"Wewe wako ulimtoa?"

Tasbihi ilisimama. Niligeuka nikamwona midomo yake inatafuta, inafunguka, inajaribu kushika mwanzo wa jina, na pembeni Ndinda anatazama viatu vyake. Wakala akagonga rula kwenye ule mlango, mara ya pili, kwa nguvu kidogo. "Hii ni nini?"

Nililegeza leso, nikamvuta Mutheu kutoka mgongoni nikamleta mbele, nikamkumbatia kifuani kwa mikono miwili, na nywele zake nyekundu zote, nikawajibu kwa Kiswahili ili wanaosikia wote wasikie, walio hai na wasio hai:

"Mtoto wangu yu hai. Hilo neno na likatafute mfu wake."